Nani Anaoa Katika Iweto? Jinsi, Jinsia na Kitenzi "Kuoa" Ukambani

Kitenzi "kuoa" kimewashughulisha wahakiki wa mtazamo wa kike kwa muda mrefu. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wa kwanza ni mtenda, wa pili ni mtendwa, na sarufi yenyewe huelekea kuuidhinisha mpangilio huo. Makala haya yanachunguza desturi moja inayoutatiza, yaani iweto, ambayo kwayo mwanamke wa Kikamba, Kitui au Makueni, humwoa mwanamke mwenzake.

Ni vyema ieleweke mapema kwamba ndoa hii haihusu mapenzi baina ya wanawake hao wawili. Mwanamke ambaye hakujaliwa watoto, au hakupata mtoto wa kiume, hutafuta msichana au mwanamke mwingine na kumlipia mahari, wakiwemo mbuzi wa ntheo ambao ndio huithibitisha ndoa ya Kikamba. Aliyeolewa huzaa na mwanamume ambaye hana haki ya kuwadai watoto hao, kwa kuwa wao ni wa nyumba ya yule aliyetoa mahari. Hulibeba jina la nyumba hiyo na hutarajiwa kuirithi ardhi yake. Bila wao, mjane angeweza kujikuta akinyang'anywa shamba na shemeji zake.

Hapa ndipo istilahi zinapomsaidia mwanafunzi. Baadhi ya wataalamu hutumia "jinsi" kwa maumbile ya kike au ya kiume, na "jinsia" kwa majukumu na hadhi ambazo jamii huyapachika maumbile hayo. Katika mazungumzo ya kila siku neno "jinsia" hubeba maana zote mbili, jambo ambalo limezaa tasnifu nyingi zinazohesabu wanawake na wanaume na kudhani zimechunguza jinsia. Katika iweto wahusika wawili ni wa jinsi moja, lakini mmoja ni mwoaji na mwingine ni mwolewa. Kinachowatenganisha ni umri, mali na uwezo wa kutoa mbuzi.

Je, huu ni ukombozi? Wapo wanaoharakisha kujibu kwamba ndio, wakivutiwa na kitabu cha Ifi Amadiume cha mwaka 1987 kuhusu Waigbo wa Nnobi, Nigeria, kilichoonyesha kuwa nafasi ya mume haikuwa ya wanaume pekee. Hoja hiyo ina uzito, ila katika iweto inasahau upande wa pili. Mwanamke mmoja amekipata kitenzi cha kutenda kwa sababu mwingine, mara nyingi aliyetoka katika ufukara, amebaki katika kauli ya kutendwa. Isitoshe, nyumba inayookolewa aghalabu ni ya ukoo wa mume wa yule mwoaji. Regine Smith Oboler, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu Wanandi, aliuliza iwapo mume wa kike ni mwanamume. Swali lake ni zuri. Jibu lake lisihamishwe hadi Mwingi au Kibwezi kabla ya wenyeji kuulizwa wao huitanaje nyumbani.

Anayeingia nyaraka azingatie pia kwamba Makueni ilimegwa kutoka Machakos mwaka 1992, hivyo habari zake za awali zimo katika majalada ya Machakos. Anayesoma Kwa Vonza, katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopewa hati mwaka 2013, hana haja ya kusafiri mbali kuwapata wasimulizi.

Sheria nayo haijatulia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inampa mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsi tofauti, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaieleza ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Hata hivyo, mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, ikizingatia mila za Wanandi, ilimtambua mwanamke aliyeolewa na mwanamke pamoja na watoto wake kuwa warithi wa marehemu aliyemwoa. Uamuzi huo ulihusu Wanandi. Mkamba anayeutegemea hana budi kuithibitisha mila yake mwenyewe mbele ya hakimu.

Uthibitisho huo huanza na maneno. Kesi ya mirathi nchini Kenya kwa kawaida huambatana na barua ya chifu inayowataja warithi wa marehemu. Mwanamke aliyeletwa kwa ntheo akiandikwa "mke", anaingia mahakamani kwa mlango mmoja. Akiandikwa "mkaza mwana", kwa mlango mwingine. Akiandikwa "msichana aliyekuwa akimsaidia kazi", yeye na wanawe wanaweza kulikosa shamba walilolilima miaka yote.