Kufundisha Hesabu ya Moshi katika Madarasa ya Juu

Mwanachuo atakayepelekwa Kondoa, Bahi, Chamwino au Manyoni kwa mazoezi ya kufundisha, baina ya Juni na Oktoba, hatakosa kuona moshi ukipanda kutoka porini. Wanafunzi wake wameuzoea tangu utotoni. Wajua kwamba moto huwashwa ili kusafisha shamba, kurina asali, kuwinda, au kuipatia mifugo majani mabichi. Wasilolijua ni kwamba moshi huo waweza kukadiriwa kwa hesabu ya kuzidisha ambayo tayari wanayo.

Mwalimu aanze na maelezo mafupi ya sayansi. Karibu nusu ya uzito wa majani makavu ni kaboni. Yakiungua, kaboni hiyo hugeuka hewa ya ukaa. Mahali moto unapokosa hewa ya kutosha hutoka pia methani. Na naitrojeni iliyomo majanini hutoa kiasi kidogo cha naitrasi oksaidi. Gesi hizi huzuia joto la dunia lisipotelee angani, ndiyo sababu huitwa gesi joto. Nguvu zao hazilingani. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo 1 ya methani huhesabiwa sawa na kilo 28 za hewa ya ukaa, na kilo 1 ya naitrasi oksaidi sawa na kilo 265.

Kisha darasa litoke nje. Somo hili halihitaji kiberiti, na mwalimu asithubutu kuwasha moto wa mfano: Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma pori ovyo, na upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi hauna mzaha. Zana zinazotakiwa ni vijiti vinne, kamba, mundu, na mizani ya kuazima dukani. Wanafunzi wapime mraba wa meta 1 kwa meta 1, wakate majani yote makavu yaliyomo, waokote na yaliyoanguka, wapime uzito. Warudie mahali patano au sita, kisha wapate wastani. Tuseme wamepata gramu 300. Hekta moja ina meta za mraba 10,000, basi hekta moja ina tani 3 za majani.

Hapa ndipo ilipo kanuni yenyewe, nayo ndiyo itumiwayo na mataifa katika taarifa zao: eneo lililoungua, mara uzito wa majani kwa hekta, mara sehemu inayoungua kweli, mara kiasi cha gesi kwa kila tani iliyoungua. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika mwongozo wake wa mwaka 2006, limetoa vipimo vya pori la miti kama letu. Moto wa mwanzo wa kiangazi huunguza 0.40 tu ya kilichopo, kwa kuwa majani bado yana unyevu. Moto wa katikati na mwisho wa kiangazi huunguza 0.74. Kila tani iliyoungua hutoa kilo 2.3 za methani na kilo 0.21 za naitrasi oksaidi.

Wanafunzi wachukue hekta 10 za pori, yaani tani 30 za majani. Likiungua Juni mapema, tani 12 huteketea. Likiungua Oktoba, tani 22.2. Wakizidisha mpaka mwisho watapata kwamba methani na naitrasi oksaidi za Juni ni sawa na tani 1.4 za hewa ya ukaa, na za Oktoba ni tani 2.7. Pori ni lile lile. Mwezi ndio uliobadilika.

Mwanafunzi mwepesi atauliza kwa nini hewa ya ukaa yenyewe imeachwa, hali kila tani iliyoungua hutoa zaidi ya kilo 1,600 zake. Jibu lake ni zito, na mwalimu asilipite mbio. Nyasi zikiota tena baada ya mvua, huivuta hewa hiyo kutoka angani, kwa hiyo katika moto wa nyasi haihesabiwi. Mti uliokufa hauko hivyo, kwani kaboni yake ilikusanywa kwa miaka mingi. Katika jaribio lililoanzishwa Ndola, Zambia, mwaka 1933, viwanja vya miombo vilivyochomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyasi zenye miti michache. Vilivyolindwa vikawa msitu uliofunga.

Jambo moja la adabu. Wengi wa wanaowasha moto ni wazazi wa watoto hawa. Somo likigeuka mashtaka, watoto watanyamaza, na kesho yake mzazi atakuja shuleni. Bora kila mtoto amwulize babu au bibi yake ni mwezi gani zamani pori lilichomwa, na kwa sababu gani. Majibu yaandikwe ubaoni bila kuhukumiwa.

Mwisho ni kusoma mabadiliko ya miaka. Ramani za setilaiti zionyeshazo maeneo yaliyoungua kila mwezi zilianza kupatikana kwa mfululizo tangu mwishoni mwa mwaka 2000. Nimewaona wanachuo wakisoma chati iliyoanzia hapo kana kwamba moto nao ulianza hapo. Aidha, kupanda kwa mstari si lazima kuwe uzembe wa watu. Katika nchi kavu kama hii, mwaka wa mvua nyingi huotesha nyasi nyingi, na nyasi ndizo chakula cha moto. Ng'ombe nao huzila. Mwaka 1979, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, zaidi ya kilometa za mraba 1,200, na uoto ukarudi. Mwalimu aulize darasa: baada ya hapo, tani za majani kwa hekta ziliongezeka au zilipungua? Na moto ukipita hapo Oktoba, hesabu yetu itabadilika katika tarakimu ipi?