Mgonjwa Aliye Karibu Kufa Afikishwapo Hospitali
Somo kwa waalimu wa sharika na Wakristo wote

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo ambalo wengi huogopa hata kulitaja: yatupasa kufanya nini mgonjwa asiyeweza kupona tena anapozidiwa usiku, na jamaa zake wakamkimbiza hospitali.

1. Habari ya mzee mmoja

Usiku mmoja tuliitwa hospitali. Mzee wa usharika wetu alikuwa na saratani ya umio, naye kwa muda mrefu hakuweza kumeza ila uji mwepesi. Usiku ule pumzi zilimwia ngumu, wanawe wakashikwa na hofu, wakampakia garini. Katika chumba cha dharura daktari aliwauliza, "Je, mzee mwenyewe alisemaje? Moyo ukisimama, alitaka tumfanyie nini?" Wakatazamana, kisha wakatutazama sisi. Nasi hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumemzuru mara nyingi, tukazungumza habari za mvua na kahawa na wajukuu, tukaomba pamoja naye. Lakini neno hili hatukumwuliza hata mara moja. Kwa sababu ya usiku ule twaandika somo hili.

2. Kazi ya chumba cha dharura

Kazi yake ya kwanza ni kuokoa uhai. Aliyeumia katika ajali, mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa, mtoto mwenye degedege, hao wote na wakimbizwe bila kukawia. Katika Tanzania kazi hii ilipata nguvu mwaka 2010, idara ya dharura ilipofunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Lakini kwa mlango ule ule huingia na wengine, ambao ugonjwa wao umefika mwisho. Kumbonyeza kifua mtu wa namna hiyo ili moyo upige tena, mara nyingi hakumrudishi. Kwaweza kumvunja mbavu, na jamaa zake wakawa nje saa ile ile angalipenda kushikwa mkono. Je, basi, aachwe tu? Hasha! Kazi haikomi hapo, bali yageuka.

3. Tiba shufaa

Kazi hiyo yaitwa tiba shufaa, maana yake kumtuliza mgonjwa na kuwategemeza jamaa zake. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa mwuguzi kisha akawa daktari, alifungua nyumba ya wagonjwa wa namna hii, St Christopher's, katika mji wa London. Alifundisha ya kuwa maumivu ya mtu anayekufa si ya mwili tu. Kuna na huzuni ya moyo, na wasiwasi juu ya jamaa, na maswali ya roho. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha kazi hiyo Uganda, akitumia morfini ya maji, ambayo mgonjwa aweza kuinywa nyumbani kwake. Tena mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa tiba hii kuwaandikia wagonjwa morfini. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi kuiingiza tiba shufaa katika huduma zao za afya.

Wako watu wasemao kwamba morfini ni dawa ya kuua. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo na mtu aliyefunzwa, akianza na kidogo na kuongeza kwa hatua, hupunguza maumivu, tena huwapa nafuu wenye kuhema kwa shida. Yaweza kufunga choo, kwa hiyo hutolewa pamoja na dawa ya kulainisha.

Mzee wetu alipewa, akatulia, na wanawe wakaruhusiwa kukaa naye. Kabla ya kusinzia aliwauliza kwa sauti ndogo, "Wanangu, mbona mmenitoa nyumbani?" Akafa kabla ya mapambazuko.

4. Mambo ambayo jamaa waweza kufanya

Mgonjwa akihema kwa shida, mwinueni kwa mito, fungueni dirisha, mpepeeni usoni. Midomo ikikauka, iloweshwe kwa kitambaa safi. Asipoweza kumeza, msimlazimishe kula, maana chakula chaweza kuingia katika njia ya pumzi. Naye hafi kwa sababu hali, bali hali kwa sababu anakufa. Koo likikoroma, mlazeni ubavu. Semeni naye kwa upole hata asipojibu, wala msibishane habari za urithi kando ya kitanda chake, huenda anasikia.

5. Neno kwa waalimu

Ninyi mnaoingia nyumba za wagonjwa, ulizeni mapema, akili yake ingali safi: "Baba, ukizidiwa, wataka uwe wapi? Nani aseme kwa ajili yako? Ni jambo gani unaloliogopa kuliko yote?" Jibu lake na lisikiwe na jamaa, liandikwe, liwekwe pamoja na karatasi zake za hospitali. Maumivu yakishinda nguvu za nyumbani, na apelekwe, karatasi zikiwa mkononi, ili daktari wa usiku apate kujua ni mtu gani aliye mbele yake. Kuuliza hivyo si kumtakia mtu kifo. Sala ina wakati wake, na swali nalo lina wakati wake. Sisi tulilikawiza swali mpaka mzee akatuuliza yeye.

Maswali ya kujifunza

1. Ni wagonjwa gani wapasao kukimbizwa hospitali bila kukawia?
2. Kazi ya daktari yageukaje ugonjwa ukifika mwisho?
3. Katika usharika wako, ni nani aliye mgonjwa sana ambaye bado hajaulizwa?