Mafunzo Niliyopata Kwenye Mafuta ya Pumba za Mpunga

Kazi yangu ni kupima mafuta ya kula. Yamepita mikononi mwangu ya alizeti, pamba, ufuta na mawese, lakini hakuna yanayohitaji kuwahiwa kama ya pumba za mpunga.

1. Ukishakoboa, muda umeanza kukuacha

Ndani ya punje nzima, mafuta na kimeng'enya kiitwacho lipasi hukaa mbalimbali. Mashine ikipita, vinakutana, na lipasi huanza kuyavunja mafuta na kuachia asidi huru. Pumba zinazotoka mashineni sasa hivi zina uvuguvugu, zinanata vidoleni, na harufu yake ni tamu. Zikilala kwenye gunia, kesho yake zinaanza kuchacha. Maabara huonyesha hayo waziwazi: unayeyusha mafuta kwenye spiriti, unatia fenolfthaleni, kisha unadondosha alkali tone kwa tone mpaka rangi ya waridi itulie. Mafuta ya pumba mbichi hugeuka upesi. Ya pumba zilizolala hunywa tone baada ya tone, na rangi inakuja na kupotea. Asidi huru inaweza kupanda kwa asilimia 5 hivi kwa siku moja tu. Kinga ni joto: mvuke mkali, siku hiyohiyo, mpaka lipasi ife.

2. Si kila gunia la pumba lina mafuta

Mashine ndogo za vijijini zinazokoboa kwa mpigo mmoja huchanganya maganda na pumba. Ganda la mpunga ni silika na nyuzinyuzi, mafuta hayamo. Pumba safi, ile laini inayotoka mchele unapong'arishwa, huwa na mafuta kama asilimia 15 hadi 20. Ndiyo maana mchanganyiko ule huishia kwa kuku na ng'ombe, na sioni ubaya wowote hapo.

3. Asidi zake za mafuta ni za kawaida, na nzuri

Oleiki ni kama asilimia 40, linoleiki kama 35, palmitiki kati ya 15 na 20. Yanakaribiana na mafuta ya karanga. Yakisafishwa vizuri huvumilia joto la nyuzi 230 hivi kabla ya kutoa moshi, kwa hiyo yanafaa sana kukaangia.

4. Thamani kubwa iko kwenye asilimia chache zisizogeuka sabuni

Hapa ndipo ninapoomba watu wasikilize. Mafuta mengi ya mimea yana sehemu hiyo kwa asilimia 1 au 2; haya yanaweza kufika 4 na zaidi. Humo mna steroli za mimea, tokotrienoli, na orizanoli, iliyogunduliwa Japani miaka ya 1950. Orizanoli ni asidi ya feruliki iliyofungamana na steroli, nayo huyakinga mafuta yasiharibiwe na hewa. Sasa, kiwanda kikiondoa asidi huru kwa magadi makali, orizanoli nayo hushikwa na alkali, na sehemu kubwa hutoka pamoja na sabuni. Chupa inang'aa, lakini kilichoyapa mafuta sifa kimemwagwa. Asidi ikiondolewa kwa mvuke ndani ya ombwe, orizanoli nyingi hubaki. Tena angalia: pumba zilizochacha zina asidi nyingi, na asidi nyingi inataka magadi mengi. Uzembe wa siku ya kwanza unalipwa huku.

5. Kuna nta

Mafuta yakipoa, nta hiyo huyafanyia ukungu. Hupozwa taratibu ili nta igande, kisha huchujwa.

6. Kinu cha alizeti hakitoshi

Wenye mashine huniuliza kama kinu cha kukamulia alizeti kitafaa. Pumba ni ungaunga, hazikamuliki kirahisi, na mafuta mengi hubaki kwenye mashudu. Viwanda vya India huyatoa kwa heksani, kimiminika kinachoyeyusha mafuta, na heksani hulipuka, si kitu cha kuweka uani. Kwa hiyo nawashauri waanze na boila ya kuzipasha pumba kwa mvuke palepale mashineni, wawauzie wenye kiwanda pumba zilizo salama, na bei waipange kwa kipimo cha asidi.