Cheti cha Kidato cha Sita na Hesabu Zake

Vijana wengi wamalizao kidato cha nne husikia habari za cheti cha juu, yaani kile kipatikanacho baada ya miaka miwili zaidi ya masomo, lakini si wengi wajuao jinsi kinavyopimwa. Yafaa jambo hili lielezwe, maana asiyelijua aweza kukosa nafasi ya Chuo Kikuu hali amefaulu.

Mtihani wa namna hii ulianza Uingereza mwaka 1951, ukishika mahali pa mtihani wa juu wa zamani. Huku Afrika Mashariki ulitoka kwanza Cambridge, kisha katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1967. Kenya iliufanya kwa mara ya mwisho mwaka 1989, baada ya kuingia mpango wa 8-4-4. Tanzania na Uganda zingali nao.

Kidato cha nne mwanafunzi husoma masomo mengi, kidogo kidogo. Kidato cha tano huchagua matatu tu na kuyachimba hasa. Huko Tanzania mafungu hayo matatu matatu huitwa tahasusi, na wanafunzi huyataja kwa herufi: PCB ni Fizikia, Kemia na Biolojia, PCM ina Hisabati badala ya Biolojia, HKL ni Historia, Kiswahili na Kiingereza. Hapo ndipo penye hatari. Atakaye udaktari wa binadamu akichukua PCM, hata akipata A tatu hatapokewa, kwa kuwa hakusoma Biolojia. Basi uchaguzi hufanywa na kijana wa miaka kumi na saba, mara nyingi kwa kufuata rafiki zake!

Sasa tutazame pointi, tukiendelea na mfano wa Tanzania. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7. Mwenye pointi chache ndiye bora: 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Lakini Vyuo Vikuu huhesabu kinyume: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Huko mwenye nyingi ndiye bora, na kwa kawaida hutakiwa pointi 4 katika masomo mawili yahusuyo kozi aitakayo.

Tuchukue wanafunzi wawili. Mmoja ana D, E na E. Mwenziwe ana C, E na S. Kwa hesabu ya Baraza wote wana pointi 14, daraja la tatu. Yule wa kwanza amefaulu masomo yote matatu, naye pengine atajiona amemshinda mwenziwe. Kumbe D na E ni pointi 3 tu, naye hafiki. Mwenziwe, kwa C na E, ana 4, naye hufika ikiwa masomo hayo ndiyo yatakiwayo na kozi.

Huyo aliyepungukiwa aweza kurudia mtihani akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, ama aingie chuo cha stashahada. Akimaliza huko kwa wastani wa 3.0 au zaidi, aweza kuomba Chuo Kikuu kwa njia hiyo.