Nilitoka Kwenye Filamu ya Rafiki Yangu, Nikamsingizia Mama Ugonjwa

Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi ametengeneza filamu. Ameihangaikia miaka, akauza hadi pikipiki yake. Siku ya kuionyesha mara ya kwanza alinipa tiketi ya bure, safu ya tatu, katikati. Filamu ikanishinda. Inakwenda polepole mno. Kuna mahali fundi anaziba pancha ya baiskeli weee, na hakuna anayesema neno. Baada ya kama dakika arobaini nikainuka. Kumbe yeye kasimama mlangoni. Akaniuliza kulikoni, nikamwambia mama presha imempanda, nakimbilia nyumbani. Kesho yake asubuhi akanitumia shilingi 50,000 kwenye simu, za dawa za mama. Mama yangu ni mzima. Hela sijarudisha, na simu zake sipokei. Nifanye nini?

J.K., Tabata

Mwanangu J.K., tulia kwanza. Ungekuwa mtu asiye na utu ungeila ile hela ukalala usingizi wako, wala usingeketi kuniandikia. Nakuamini unaposema hukukusudia kumuumiza rafiki yako. Ulichoka, ukataka kutoka, ukaulizwa ghafla, mdomo ukawahi kabla ya akili. Mambo hayo huwapata watu wengi. Ila umenieleza mambo mawili ukayafunga pamoja kama jambo moja, na mimi nataka kuyatenganisha.

Kutoka ukumbini

Kutoka kwenye filamu kabla haijaisha si kosa. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wasomaji wangu wanaokaa kwenye kiti saa mbili nzima wakiumia, kisa wamelipa. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watu waliokuwa wakinunua tiketi za msimu mzima wa tamthilia katika ukumbi wa Chuo Kikuu cha Ohio. Wote walikuja kwa hiari yao, tayari kulipa bei kamili, lakini baadhi yao wakapunguziwa bei bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi kuliko waliopunguziwa. Michezo ni ileile, viti ni vilevile. Kilichowavuta ni uchungu wa hela iliyokwisha kutoka mfukoni.

Sasa, hela ya tiketi hairudi ukikaa, wala hairudi ukitoka. Unachobaki nacho ni muda wako. Filamu ikikudhalilisha, au ikikurudisha kwenye msiba ambao bado unakuuma, au ikikuchosha tu, ondoka. Inama usiwazibe walio nyuma yako, simu iache mfukoni isije ikamulika watu, na uliyekwenda naye mnong'oneze kwamba unatoka, asibaki akihangaika uko wapi. Kwenye vibanda umiza watu huingia na kutoka wanavyotaka. Na wanaokumbuka kumbi zetu za picha za Kihindi wanajua yalikuwapo mapumziko katikati, na mtu akienda zake wakati ule hakuna aliyemuuliza.

Lakini wewe hukulipa, J.K. Kwa hiyo hela haikuwa imekufunga. Uliyekuwa umefungamana naye usiku ule ni mtu.

Aliyekuwa mlangoni

Fikiria kidogo rafiki yako ametoka wapi. Filamu zetu za Bongo kwa miaka mingi zilitoka kwa mhariri zikaingia kwenye CD na DVD, zikapita Kariakoo, zikaishia sebuleni kwa watu. Siku hizi zinaishia kwenye simu. Mtengenezaji anaweza kufanya kazi miaka kumi asiuone uso wa mtazamaji wake hata mmoja. Skrini kubwa ni bahati. Tanzania iliwasilisha Maangamizi kuwania tuzo za Oscar mwaka 2001, na haikuwasilisha filamu nyingine hadi Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Hiyo ndiyo nchi ambamo kijana ameuza pikipiki yake ili apate usiku mmoja wa ukumbi.

Na usiku huo mtengenezaji hatazami filamu. Keshaitazama mpaka imemtoka puani. Anatazama visogo vya watu: nani kacheka, nani kainamia simu, nani anajigeuzageuza kitini. Mtu wa safu ya tatu akiinuka, na mstari mzima ukalazimika kukunja magoti apite, hahitaji kufika mlangoni ndipo aonekane. Alikuona ulipoinuka. Inawezekana kabisa alikuuliza kulikoni akiwa anaomba moyoni uwe na sababu nyingine, isiwe filamu yake. Wewe ukampa sababu, akaishika kwa mikono miwili.

Kutokewa ukumbini hakumuui msanii. Mwaka 1960 huko Cannes, Ufaransa, ilionyeshwa L'Avventura ya Mwitaliano Michelangelo Antonioni. Ni filamu ya mwanamke anayepotea kisiwani. Wenzake wanamtafuta, na mpaka mwisho haonekani. Watu walizomea, wakacheka mahali ambapo hapakuwa na kichekesho, hadi Antonioni na mwigizaji wake Monica Vitti wakaondoka ukumbini. Siku iliyofuata kundi la watengenezaji filamu na wahakiki, Roberto Rossellini akiwa miongoni mwao, wakatia saini barua ya kumtetea. Tamasha lilipokwisha filamu ilipewa Tuzo ya Majaji.

Sisemi kwamba ya rafiki yako nayo ni lulu iliyofichika. Huenda ni mbovu. Filamu mbovu zipo, na kwenda polepole hakuzifanyi nzuri. Ninachosema ni kwamba Antonioni alijua kazomewa. Alijua nani hakuipenda kazi yake na nani aliipenda, akaendelea kufanya kazi akiwa anajua. Rafiki yako wewe umemnyima hata hilo.

Shilingi elfu hamsini

Hapa sitakubembeleza.

Wewe ulitunga ugonjwa wa mama mzazi ili kulinda starehe yako ya dakika moja mlangoni. Wazee wetu walikuwa hawapendi mtu amzushie mzazi maradhi, na hata asiyeamini mwiko huo anaelewa ubaya wake: siku presha ya mama ikipanda kweli, utampigia nani? Yule aliyekwisha kukutumia hela za presha ya uongo?

Halafu tazama hela yenyewe. Imetoka kwa mtu aliyebaki bila pikipiki. Usiku wa onyesho la kwanza la filamu yake, badala ya kulala akiwaza watu walisemaje, ameamka anamuwaza mama yako. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Yeye amelitimiza hilo kwa dhiki ambayo haikuwapo, na kila siku unayokaa na hela ile simuni mwako, kosa la mdomo linazidi kugeuka kosa la mkono. Kusema uongo kwa kubabaika ni jambo moja. Kupokea malipo yake ni jambo jingine, na likifika kwa watu watalipa jina ambalo hutalipenda.

Njia unazoziwaza

Nadhani umeshawaza kumrudishia hela na kumwambia mama amepona. Inaonekana nyepesi, tena ya kiungwana. Iache. Atafurahi, atasema anakuja kumjulia hali, na itabidi umfundishe mama yako uongo wako. Njia ya mwongo ni fupi. Hiyo yako inaishia barazani kwenu.

Kuendelea kutopokea simu ni kubaya zaidi. Anayepiga anadhani uko hospitali. Atawauliza mliosoma pamoja, nao watampigia mama. Au, na hili ndilo linaloniogopesha zaidi, ataelewa mwenyewe. Ataunganisha safu ya tatu, mlango, na ukimya wako, na kuanzia hapo hatakuuliza tena neno lolote. Mtakutana harusini mtasalimiana vizuri tu, na urafiki wa tangu shule ya msingi utakuwa umekwisha bila hata ugomvi.

Imebaki kusema kweli. Ina hatari zake, sikufichi. Anaweza kukasirika. Anaweza kukutolea maneno mazito, na ukweli ni kwamba utakuwa umeyastahili. Anaweza kukaa mbali nawe miezi. Lakini hasira ya mtu aliyeambiwa kweli ina mahali pa kuanzia mazungumzo.

Utakavyofanya

Hela irudishe leo kabla ya jua kuzama, na ya kutolea uiongeze. Usiambatanishe hadithi. Piga simu mara hiyohiyo, useme unataka kumwona, umfuate aliko. Usimwandikie ujumbe, jambo hili linataka uso.

Ukifika anza na mama. "Mama hakuugua. Nilikudanganya." Hapo nyamaza umwache aseme. Usiingize filamu kwenye pumzi hiyohiyo, ataona unatafuta pa kujifichia.

Akiuliza kwa nini ulitoka, na atauliza, mwambie ilikushinda, na umwambie ilikushindia wapi hasa. Yule fundi na pancha yake. Eleza kwamba pale ulianza kutazama saa, ulikuwa unangoja nini kitokee, na uliinuka wakati gani. Usimwambie filamu ni mbaya, maana hujaiona. Umeona dakika arobaini, na hujui baiskeli ile ingefika wapi. Wala usimsifie ili kupoza, kwa kuwa sifa ya mtu aliyetoka katikati haina uzito. Wengi waliobaki vitini usiku ule walimpa mkono wakamwambia hongera, wakaenda zao. Inawezekana wewe ndiwe mtazamaji pekee atakayemwonyesha mahali kamili ilipolegea, na mtengenezaji makini analihitaji hilo kuliko hongera.

Kisha mwombe uione yote. Ikionyeshwa tena, nunua tiketi yako mwenyewe. Ikikuchosha mara ya pili pia, ruksa kuchoka. Kaa, na mkitoka mwambie.

Na mama yako umwambie leo, kabla ya kwenda kwa rafiki yako. Ndiye aliyesingiziwa, na ni haki yake asikie kutoka kwako kwanza, wasije majirani wakampa pole ya ugonjwa asioujua.