SOMO: KIYOYOZI CHA GARI LA CHAMA NA UTUNZAJI WAKE

Katibu anayelipia gesi ya kiyoyozi kila baada ya miezi michache hana budi kujua kwamba fedha za wanachama zinavuja. Gesi hiyo haiungui ikaisha kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa.

Kompresa, izungushwayo na injini kwa mkanda, huikandamiza gesi hata ikawa moto. Kisha hupoa katika kipoozi kilicho mbele ya rejeta, ikageuka kioevu. Kioevu hupenya tundu jembamba, shinikizo hupungua, nacho huchemka kikivuta joto la hewa ya garini. Gesi ya R-134a huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri.

Mtoni, penye vumbi na hewa ya chumvi, yafuatayo yazingatiwe:

1. Kipoozi kioshwe kwa maji yasiyo na nguvu.
2. Chujio la hewa libadilishwe likichafuka.
3. Kiyoyozi kiwashwe dakika 10 kila juma, mafuta yalainishe vizibo.
4. Ubaridi ukipungua, fundi atafute na kuziba mvujo kabla ya kujaza gesi.

Maji yadondokayo chini ya gari si hitilafu. Ni unyevu wa hewa. Stakabadhi ya fundi ioneshe kilichozibwa, si gesi iliyojazwa tu.