Somo la Afya: Zebaki Katika Sabuni na Krimu

Baadhi ya sabuni na krimu za kujichubua zina zebaki. Sumu hii hupenya ngozini, hudhuru figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Hata wanaotumia taulo moja naye huweza kuipata. Maji ya kuogea huipeleka mtoni, kisha hurudi mezani ndani ya samaki. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unakataza vipodozi hivi, lakini bado vinauzwa.

Tujihadhari na krimu isiyotaja viambato, au inayoonya isiguse vito vya dhahabu au fedha. Iliyopo nyumbani tusiimwage wala kuichoma. Tuifunge vizuri na kumwona afisa afya. Tunaziomba kamati za parokia zifundishe akina mama, akina baba na vijana.